Dakika Mbili Kabla ya Chakula

Narvik, karakana ya mabehewa ya madini.
Theluji imepanda hadi kwenye vioo.
Ragnfrid Aune amekibana kipande cha fremu
kwenye meno ya mtambo, akauwasha Jumatatu saa mbili asubuhi:
vuta, achia, vuta, achia,
mara saba kila sekunde,
kwa mzigo ambao chuma hiki, kikibebeshwa mara moja,
hakishtuki.

Hapimi nguvu. Nguvu ilipimwa zamani, kwa siku moja, ikaisha.
Anapima mazoea.

Torleif anakuja kila siku na thermosi yake.
Mshono ni wake, wa mwaka themanini na saba;
ameutambua kama mtu atambuavyo mwandiko wake,
magamba ya samaki yaliyolaliana.
"Huo haukatiki," asema.
Ragnfrid hajibu, anasoma namba.
Majedwali yake hayajui neno hilo.
Yanasema: katika mia, wawili na ushee watatangulia,
wala hayataji majina.
Yanasema pia kwamba chuma cha ghali, kikishachomelewa,
huchoka sawa na cha bei poa.

Wahenga walituonya juu ya ufa na ukuta.
Ufa ulio chini ya rangi hawakuutaja,
ule usioingiza hata ncha ya wembe,
unaokula chembe kwa chembe
huku behewa likipakiwa, likishushwa, likipakiwa.

Jumatano, saa sita kasorobo usiku, mtambo ukajizima.
1,608,112.
Hakuna aliyekuwepo.

Asubuhi walikiinua kwenye taa.
Mshono mzima. Magamba yote mahali pake.
Ufa ulianzia shibiri moja pembeni,
penye tone la weldi, dogo kama punje ya hindi,
lililoshikilia kibao cha namba ya behewa.
Kutoka hapo, pete baada ya pete, laini, kama gogo lililokatwa,
kisha uso wa kuparuza
pale chuma kilipokata tamaa kwa ghafla.

"Nani alikibandika?" Ragnfrid aliuliza,
kalamu mkononi, kwa ajili ya fomu tu.

Torleif alifungua thermosi, akaifunga.
Kengele ilikuwa imeshalia. Harufu ya supu ya mbaazi.
Msimamizi mlangoni: kibao hicho, upesi.

"Andika mimi."

Akaandika: *ukingo wa weldi, kiambatisho kidogo.*
Penye jina akaacha wazi.

Vikombe vikaanza kutetemeka mezani.
Treni ya saa tatu ilikuwa inashuka bandarini,
mabehewa sitini na nane,
kila moja na kibao chake.