Jokofu la Mama Mkwe

Nimechomoa waya. Jokofu likaguna,
likatikisika kama mzee anayeketishwa,
kisha jikoni kukawa kimya hata nikausikia
mto Rioni kule chini, nyuma ya magereji.

Tsiala karudi jana. Siku tano za dripu,
na daktari, kijana mwenye macho ya kukesha,
hakuuliza alikula nini.
Aliuliza: "Jokofu lenu lilisafishwa lini?"

Sasa amejikunyata kitini, shali mabegani,
ananitazama, mimi mkwe wake, nikiingiza kichwa
mahali ambapo mkwe hata jicho halitii.

Natoa kuku mbichi aliyelala rafu ya juu,
damu yake imechuruzika hadi kwenye jibini.
Sosi ya plamu ya mwaka usiojulikana.
Mtindi uliotuna kifuniko. Vijiko vitatu vya maharage
kikombeni, vimeota manyoya ya kijivu.
"Toa ya juu tu," anasema. "Ya chini mazima."
Mama, ukungu una mizizi usiyoiona.
"Hata mimi ninayo."

Nasugua. Maji moto, sabuni, halafu magadi.
Mpira wa mlango naupitishia mswaki mkuukuu,
mikunjoni unatoka weusi kama wanja.
Kitundu cha nyuma, cha kupitisha maji,
nakizibua kwa njiti. Kinacheua.

Hapo ndipo anaanza, hakuna aliyemuuliza:
baridi ile, Ketino ana miaka minne,
umeme saa moja kwa siku, siku nyingine hata hiyo hakuna,
jokofu limegeuka kabati la viatu.
Foleni ya mkate tangu alfajiri,
unarudi na nusu.
"Tuliapa, mimi na marehemu:
likiwaka tena, halitalala tupu."

Kitambaa kilinichuruzikia viatuni.
Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu vijidudu.

Nikakausha. Nikachomeka waya,
nikaweka kipimajoto, nikamwonyesha mstari:
nyuzi nne, Mama, isipande hapa.
Nyama mbichi chini kabisa, ndani ya bakuli.
Akaitikia kama mtu anayeaga wageni.

Nilishuka ngazi na mifuko miwili ya taka,
nikapanda mikono mitupu.
Nikafungua kutazama kipimo: nyuzi saba, inashuka.
Na rafu ya kati, nyeupe pe,
peke yake, imefungwa kwa leso safi,
nusu ya mkate.

Mkate hauwekwi humo, nilitaka kusema.
Nikasukuma mlango polepole
mpaka mpira ukashika.