Bomba la Tatu

Jumapili usiku Mkude alilifunga kwa kipande cha kanga,
mafundo mawili, asije mtu akanawa miguu,
maana Tumpale wa maabara alisema: maji yalale.
Yalale humohumo, kwenye koo la bomba,
yasiguswe hadi alfajiri.

Saa kumi na moja na nusu nilimkuta amechuchumaa,
glavu mikononi, tochi kaibana kwa meno.
Chupa ya kwanza hakuacha tone lianguke.
"Haya ndiyo yaliyolala na chuma."
Kisha akayaacha yakimbie, akihesabu kimoyomoyo,
akakinga ya pili.
Akaandika: Keko, bomba la tatu, ukuta wa darasa la nne.
Akazipanga kwenye boksi lililowahi kubebea aiskrimu,
ubavuni bado kuna pengwini anayecheka.

Niliyatazama kwenye mwanga. Meupe pe.
Hayana harufu, hayana la kujibu.
Miaka kumi na moja nimesimama mbele ya mstari nikisema
kunyweni ya bomba, ya kisima yana minyoo.

Wiki ya tatu karatasi ikaja.
Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili,
mara ya pili kwa sauti ndogo:
madini ya risasi.
Chupa ya kwanza imevuka kiwango. Ya pili, afadhali kidogo.

Habari ilitoka ofisini kabla ya kengele,
na Pazi wa darasa la nne akawa anapita ukutani
akipapasa plasta kwa kidole, anatafuta tundu.
"Nani kapiga, mwalimu? Mbona hatukusikia?"

Nikafungua mdomo nimweleze: neno moja, vitu viwili,
lehemu ya zamani, koki kuukuu.
Nikaufunga.
Alikwisha kuuliza vizuri kuliko nitakavyojibu.

Leo fundi anakata kwa msumeno.
Kipande kinaanguka kwenye saruji, kizito kuliko umbo lake.
Watoto wamejipanga kwenye ndoo za maji ya boza,
wanasukumana, wanamwagiana, wanacheka,
na mimi nina Kudra.

Kudra wa mwaka juzi, aliyekuwa akililalia dawati,
sita mara saba inamponyoka kila akiikamata.
Wa kwanza kufika shuleni, wa kwanza kunywa,
mdomo kwenye koki, shati limelowa hadi kitovuni.
Nilimwita kichwa maji.
Mbele ya wenzake. Wakacheka, nami nikacheka.

Karatasi haisemi lolote juu ya Kudra.
Inataja bomba, saa, namba.
Huenda alikuwa na njaa tu, au usingizi,
au sita mara saba ni ngumu.
Nimeisoma mpaka mikunjo yake imechanika.

Walihamia Chanika, nasikia, mama yake anauza vitumbua
karibu na kituo cha mafuta.
Jumamosi nitakwenda.
Sijui nitaanzaje.
Labda nitaomba, kwanza, maji ya kunywa.