Ufunguo wa Nyumba Iliyozama

Jumatano, nikikaribia kufunga duka,
mvua ya Plovdiv ikitwanga bati juu ya kichwa changu,
aliingia Zdravka Mihneva, mshona mapazia,
akaweka mezani ufunguo mmoja.
Hakusalimu. Alisema: Nichongee pacha wake.

Nimechonga funguo miaka thelathini na minne.
Nipe ufunguo nikutajie mlango:
huu wa stoo, huu wa sanduku la barua,
huu wa mwanamume mwenye nyumba mbili.
Ule sikuuweza.
Kazi ya mhunzi, mzito kama mfupa wa ng'ombe,
jino la tatu limepigwa tupa na mkono usio wa fundi,
shingoni waya wa shaba, mizunguko mitano.

"Mlango wenyewe uko wapi?"
"Chini ya maji. Mita ishirini, bwawa likijaa."

Akavuta kigoda.

Alikuwa na miaka tisa, kijijini Dolna Krusha.
Ufunguo ulipotea mwezi wa Septemba
na mshitakiwa akawa yeye,
maana ndiye mdogo, na mdogo hana wakili.
Mama alimpigisha magoti juu ya punje za mahindi.
Hakukiri.
Kisha akakiri, kwa sababu magoti yana kikomo:
"Nimeutupa kisimani."
Kaka yake akateremshwa kwa kamba,
akapandishwa na chura.

Miaka miwili baadaye maji yalikuja kwa amri yenye muhuri.
Mlango ule ulizama ukiwa wazi.
Hapakuwa na cha kuufungia.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita, kwenye mitumba,
Zdravka alinunua koti la kiume la sufi, leva kumi na nne,
shida yake vifungo tu
(vifungo vya pembe; siku hizi hata vifungo vinaigiza).
Akapasua bitana kwa mkasi
na kitu kikamdondokea kwenye kidole cha mguu.
"Nililia kwanza kwa ajili ya kidole," aliniambia.
"Mengine yalifuata."

Ndani ya ukosi, kwa uzi wa buluu: S. Karadzhov.
Mpimaji. Yule aliyekuja na darubini ya miguu mitatu
kupima maji yatafika wapi;
aliyekula maharage mezani pao, akasifu pilipili,
na kutundika koti lake
juu ya msumari ule ule wa ufunguo.

Mimi si mtu wa miujiza. Nikaanza hesabu:
mfuko umetoboka, ufunguo umeteleza, yawezekana.
Mkono umeuchukua, yawezekana pia.
Koti halitoi ushahidi.
Mpimaji akafa, mjane akauza, dalali akarundika,
miaka hamsini na miwili, makoti elfu ngapi,
wanunuzi wangapi waliolishika begani na kuliacha...

"Hesabu yako," alinikata, "haina magoti."

Nikanyamaza. Nikabana ufunguo kwenye jiriwa.
"Lakini pacha wa nini, na mlango hakuna?"
"Wa zamani nitaufukia kaburini kwa mama.
Mpaka anakata roho alikuwa akiniita yule wa kisimani.
Mimi nataka ule ambao haujawahi kupotea."

Sikuwa na chuma cha saizi ile.
Nilikata kipande cha bawaba kuukuu, nikapiga tupa hadi saa nne usiku,
na kwenye jino la tatu mkono wangu uliteleza
palepale ulipoteleza mkono wa baba yake.
Sikulirekebisha.

Pesa sikuchukua. Aliniachia kifungo kimoja cha pembe,
nikakitia mfukoni.

Leo asubuhi, nikitafuta funguo zangu mwenyewe,
kwani kinyozi hajinyoi,
kidole kilipenya mfuko
kikatokea upande wa pili, kwenye baridi.