Komeo la Kizimba

Kazi yangu ni mlango.
Refa akipuliza filimbi, akinyoosha kidole,
mchezaji huja akiteleza, jasho likimfuka mvuke,
nafungua, anaingia, nafunga.
Dakika mbili. Siku mbaya, tano.
Tunakaa bega kwa bega, mimi na mtuhumiwa,
tukiwatazama wenzake wakikigombania kile kisahani cheusi,
na saa ikihesabu kurudi nyuma.
Wenyewe wana jina lao. Mimi nakiita kizimba,
maana hapa Thunder Bay, Jumamosi usiku,
mahakimu ni elfu tatu, na wana bia mkononi.

Nyuma yetu kioo. Nyuma ya kioo, Reijo:
safu ya kwanza, kiti namba nne,
tangu kiwanda cha karatasi kilipofungwa.
Reijo ndiye aliyeniwashia gari kwa nyaya
asubuhi ya baridi ya kugandisha kope,
akanipa koti la marehemu kaka yake,
akasema: Acha shukrani, vaa.
Nimelivaa vipupwe sita. Nililivaa na usiku ule.

Na Reijo huyu huyu,
Darryl Moonias akiingia kizimbani,
hubandika mdomo kwenye upenyo wa vioo viwili,
upenyo wa kupitisha kadi ya benki,
na hapo humwaga.
Ya mama yake. Ya kijiji chao, na maji yao ya kuchemsha kwanza.
Mwisho, kama sahihi: Rudi kwenu!

Rudi kwenu.
Hilo nalijua kwa lugha tatu.
Nimerushiwa kwenye basi, nimerushiwa
kwenye foleni ya duka la dawa, nikiwa na homa.
Lakini kumwambia Moonias!
Mtu ambaye babu wa babu yake aliliita ziwa hili kwa jina
kabla ya kiwanda, kabla ya babu yake Reijo na sauna yake.
Arudi wapi? Apige hatua moja kushoto?

Darryl hakugeuka kamwe.
Alisukutua, akatema katikati ya miguu yake.
Mara moja tu aliniuliza, macho barafuni:
"Wewe humsikii?"
"Namsikia," nikasema.
"Basi."
Misimu miwili ile *basi* imenikaa
kama mwiba wa samaki kooni.

Usiku ule bia ilitangulia, ikapita juu ya kioo,
ikamshukia shingoni, ikapenya ndani ya fulana.
Ikafuata sarafu.
Kisha maneno, safari hii yakiwa na jina la dada yake
aliyezikwa mwezi wa tano.

Kizimba kina milango miwili.
Wa mbele ni wa barafuni.
Wa nyuma ni wa wauguzi, hufungukia kwenye viti,
na una komeo moja, la chuma, zito.
Saa ilisoma sekunde arobaini na moja.
Darryl akainuka, akauelekea wa nyuma.
Hakuupiga teke. Hakuniomba.
Alisimama tu, kama mtu anayesubiri lifti.

Ulimi hauna mfupa, husema.
Taya linao.
Nililisikia: sauti ndogo, mtu kavunja penseli.
Elfu tatu wakanyamaza kwa pamoja,
na katika kimya kile
bisi zikamwagika ngazini, moja moja.

Kamati iliniita. Meza ndefu, chai imepoa.
Darryl kafungiwa msimu mzima.
Reijo hatakanyaga tena uwanjani, supu anainywa kwa mrija.
Na komeo, je?
Barafu, nikasema. Chuma kikipata barafu huteleza.
Wakaandika.

Jana theluji imeanguka hadi magotini.
Nikaenda kwa Reijo na sepetu,
nikamfagilia njia toka mlangoni hadi barabarani,
nimo ndani ya koti la kaka yake.
Akatokea dirishani, meno yamefungwa waya.
Akainua mkono,
au alikuwa anafuta ukungu kwenye kioo.
Nikataka kumpungia.
Nikaitazama mikono yangu, nisijue upi.