Sentimita Nne

Jarkko alikuja saa nne ya usiku,
jua la Juni bado limeegemea shamba la shayiri
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilimwita kwa sababu moja:
upande huu wa mto ni yeye tu
mwenye vibanio vya springi.

Hakusema habari za siku nyingi.
Aliizunguka Volvo mara moja,
akachutama, akapitisha ngumi
kati ya tairi na madigadi,
ngumi nzima, na kidole gumba juu yake.
"Imekaa kama trekta," akasema.
Basi tukaanza.

Nyuma kulikuwa rahisi. Jeki, stendi,
boliti mbili, ekseli ikashuka yenyewe
na springi kuukuu ikadondoka sakafuni,
ikaviringika hadi kwenye kreti la chupa.
Miaka ishirini na tisa ya kubeba
viazi, mbao,
na mama yangu akienda kwa daktari wa meno.

Mbele, kushoto, ndipo palipokuwa na kesi.
Chumvi ya barabarani, ya kila majira ya baridi,
ilikuwa imehamia ndani ya nati moja.
Tuliimwagia mafuta, tukangoja,
tukanywa kahawa tukiwa tumesimama,
tukaichoma kwa moto wa gesi,
tukachomeka bomba kwenye mpini wa spana
tukaning'inia wawili, bega kwa bega,
wanaume wa miaka hamsini
kama watoto kwenye tawi moja.
Ikalia. Ikalia tena. Ikakubali.

Kisha kazi ambayo mtu haifanyi peke yake.
Springi iliyobanwa haina mzaha:
inakutazama kimya, imejaa
neno moja tu, na neno hilo likiponyoka
linaondoka na meno.
Yeye alikaza kulia, mimi kushoto,
nusu duru, nusu duru,
tukihesabu kwa sauti ili asitangulie mtu.
Yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote
tangu siku ya trela.

(Trela langu. Aliliazima kubebea kuni,
akalirudisha na taa ya nyuma imevunjika,
hakusema kitu.
Mimi nikasema yangu dukani, mbele ya watu.
Taa ya euro kumi na mbili. Ndiyo.
Miaka miwili.)

Springi mpya zilikuwa fupi, nyekundu,
mtu angedhani za kuchezea.
Nikaomba soketi ya kumi na saba.
"Sandukuni, chini kabisa,"
akajibu bila kuinua kichwa.
Nikafukua. Chini ya spana, chini ya tambara,
taa ya trela, ya kushoto, ndani ya plastiki yake,
bei imefifia hata haisomeki.
Nikachukua soketi.
Nikaifunika taa na tambara lake vilevile.
Nikampa soketi. Akapokea.

Saa saba kasorobo tukaishusha jekini.
Ikapumua, ikakaa.
Vidole viwili tu sasa juu ya tairi.
Sentimita nne, akapima kwa rula ya mbao,
akapima tena upande wa pili,
maana mkaguzi wa Seinäjoki
hana huruma hata ya milimita.

Tuliiendesha hadi barabara kuu na kurudi,
kila shimo tukilitambua kwa uti wa mgongo.
Penye njia ya reli tumbo la gari likakwaruza,
krrr, na yeye ndiye aliyecheka kwanza,
cheko lake la darasa la sita, linaloanzia puani,
hadi ikabidi nisimamishe gari pembeni.

Asubuhi nikakuta vibanio
amevisahau juu ya meza yangu ya kazi.
Jarkko hasahau vyombo.

Trela liko nyuma ya banda, magugu yamefika ekselini.
Vibanio nitampelekea Jumamosi,
nikilikokota.