Herufi za Mlazo

Zimenenepa, lakini zina haraka.
Zimeinamia mbele kama watu wa Hull
wakivuka daraja la Drypool, upepo usoni.

Miaka tisa nazikata, nyekundu kwa nyeusi:
gari la samaki, gereji ya matairi,
duka la mazulia lililotangaza mara nne
kwamba linafungwa, na bado li wazi.

Barua haziziwezi. Ukizifinya
A hufumba jicho, R huvimbiwa wino.
Zipe ukuta, zitapayuka.

Jana kaja Bi Thackray
na karatasi iliyolowa mvua:
jina la mumewe, mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda.
"Nataka zile za ubavuni mwa lori lake."
Nikamwambia jiwe hupenda herufi wima,
zenye miguu, zenye adabu.
Akanikazia macho.
"Len hakuwahi kusimama."

Basi niko na rula, nyuzi kumi na mbili
kuelekea kulia.
L imekubali. E imekubali.
N ndiyo inanishinda:
kila nikiichora
imeshavuka ukingo wa jiwe.