Deni Chini ya Chokaa

Nimepewa kazi ya kukwangua. Kupaka kutafuata,
alisema Bi Kokila, mweka hazina wa hekalu,
akaniachia ngazi, msasa, na onyo moja:
viatu vibaki nje, Mtaa wa Kisutu,
wakiibiwa ni shauri lao na Mungu.

Basi nimepanda pekupeku hadi shingo ya mnara,
pale unapoanza kujibana, magamba juu ya magamba,
kama nanasi lililosimamishwa juu ya paa.

Rangi ya juu ni zambarau, ya ofa dukani.
Chini yake njano.
Chini ya njano, kijani chepesi cha mwaka ule
majumba ya kupangisha yalipotaifishwa
na nusu ya waumini wakafungasha masufuria wakaondoka.
Tabaka hilo jembamba. Kucha inatosha kulivua.
Chini yake buluu, kisha masizi,
masizi matupu ya taa za samli, mazito kama lami.

Vumbi langu linamwangukia Pujari Labhshankar begani.
Anajipangusa, anauliza, "Umefika mwaka gani?"
"Wa babu yako."
"Basi kwangua polepole."

Nikashuka kwenye nguzo. Ziko kumi na mbili, za msaji,
kila moja imebebwa na tembo, na hapo nikacheka peke yangu:
masikio mapana, yanayopepea hadi mabegani.
Tembo wa Kachi hana masikio hayo.
Fundi aliambiwa achonge tembo,
akachonga yule aliyekula mahindi ya mamake, Rufiji.

Na nyuma ya nguzo ya tisa, masizi yalipokwisha,
chokaa ikafunguka, nyeupe, yenye chembe za matumbawe,
na juu yake mkaa, herufi za chuoni,
zilezile nilizochapiwa bakora nikiwa na miaka saba:

*Kondo bin Mwinshehe. Chokaa debe arobaini na tatu.
Rupia tatu na hela kumi. Sijapewa.*

Enzi hizo hela ilikuwa sarafu,
ina tundu la ukweli mfukoni mwa mtu.

Bi Kokila akaja na miwani yake na daftari.
"Hajapewa, au sijapewa?"
"Sijapewa. Kaandika mwenyewe."
Akafungua daftari, akalifunga.
Daftari lake halifiki huko.
Akatazama tembo muda mrefu, kama anayewahesabu,
kisha akachukua chaki, akachora mraba ukutani,
ukubwa wa ukurasa.
"Hapo usipake."

Sikupaka. Nimezungusha rangi mpya pembeni,
ya maziwa, kwa brashi ndogo, nikibana pumzi.
Lakini kabla ya mkono wa pili, nikiwa bado juu ya ngazi,
niliomba changu.

Alinihesabia noti moja moja, akazilainisha kwa kidole gumba,
akanipa kalamu.
Nikatia sahihi kwenye karatasi.
Jina lote, na la baba.